NILIKWENDA KUUZA MITI YA KIHAMBA, NIKARUDI NA MKUNGU WA NDIZI

Msomaji wangu, nianze kwa kukiri. Mwezi Septemba mwaka 2023 nilikuwa nimefulia. Sisemi kufulia kwa mzaha kama tunavyotaniana kijiweni, nasema kufulia kwenyewe. Chumba changu pale Sinza kilikuwa kinadaiwa kodi ya miezi mitatu, mama mwenye nyumba ameacha kuitikia salamu yangu, na chai nilikuwa nakunywa kwa watu. Ukiwa katika hali hiyo, simu yoyote ikilia unaipokea huku unamuomba Mungu iwe ya neema.

Simu ikalia kweli. Alikuwa kaka yangu mkubwa, yule anayeishi Moshi mjini.

"Mdogo wangu, kuna jamaa wa mbao amekuja. Ameiangalia miti yote ya kihamba cha baba, mikubwa kwa midogo, ishirini na minne. Anatoa milioni tatu taslimu. Mimi sina neno, lakini kihamba ni chako. Panda uje useme mwenyewe."

Milioni tatu! Nilikaa kitandani nikapiga hesabu kama karani wa benki. Bodaboda moja nzima nzima, deni la chumba, na chenji ya kubadilisha viatu. Nilishajiona nimevaa kofia ngumu, abiria nyuma, mshiko unaingia kila siku bila kumpigia mhariri simu za kumkumbusha malipo.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale wasioijua desturi ya Uchagani. Kihamba ni lile shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, lenye migomba, kahawa na miti, katika miteremko ya mlima Kilimanjaro. Kwa desturi ya kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huonyeshwa kihamba chake mapema, na kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya baba na mama. Kitinda mimba huyo ndiye mimi. Kihamba chenyewe hakiuzwi kirahisi, maana wazee wamezikwa humo humo. Lakini miti? Nikajisemea moyoni, miti si kaburi la mtu.

Watani wetu husema Mchaga hupanda kwao Desemba kwenda kuhesabiwa. Mimi nilipanda Septemba. Pale stendi ya Magufuli, Mbezi, konda akanitazama kichwa mpaka miguu: "Mangi, mbona mapema hivi? Umefukuzwa kazi nini?" Nikacheka kwa kuzuga. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, vumbi na jua la tambarare, mpaka Himo. Hapo ukikata kuelekea Marangu, dakika chache tu hewa inabadilika, unaanza kutafuta sweta.

MAMA HAKUBISHA

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mama: dunia imebadilika, miti itaota mingine, kijana lazima ajitegemee. Nimefika, nimekula, nikaanza hotuba yangu. Hata nusu sijafika, akanikata.

"Baba, miti ni yako. Sina ubishi. Ila mgongo unanisumbua sana siku hizi. Nisaidie kazi siku tatu tu. Ya nne mwite huyo mtu wako wa mbao."

Nikaona nimepiga bao la bure. Siku tatu ni nini? Nimemaliza kidato cha nne, nimelala stendi, nimebeba zege Mikocheni. Nikalala usingizi mnono.

Saa kumi na moja alfajiri dada yangu akagonga dirisha. Huyu dada yangu ni wa pili kuzaliwa, ameolewa kijiji cha jirani na ana genge la mboga pale Himo. Kila wiki, kabla hajashuka kwenye genge, anapita kumsaidia mama kukata majani ya ng'ombe. Siku hiyo akanikabidhi mundu na kamba.

Ng'ombe wa Uchagani hachungwi. Nafasi ya kumchunga iko wapi? Yuko bandani, na chakula anafuatwa nacho. Tulishuka bondeni karibu saa nzima, tukakata, tukafunga, na ndipo nikajua maana ya kupanda mlima ukiwa na mzigo kichwani. Ngata ilikuwa inateleza, shingo inaingia mabegani. Watoto wa shule walikaa pembeni wakacheka wazi wazi. Dada alikuwa na mzigo mkubwa kuliko wangu na alikuwa anaongea na simu!

Jioni nikamuuliza mama amebeba majani kwa miaka mingapi. Akasema tangu aolewe.

GHOROFA LISILO NA LIFTI

Siku hiyo hiyo mama alinizungusha kihambani. Msicheke, nimezaliwa humo lakini nilikuwa sijakiona. Utotoni nilikiona kama kichaka cha kuchezea, ukubwani kama ushamba wa kuukimbia.

Kihamba ni kama ghorofa la Kariakoo, kila sakafu ina mpangaji wake na kila mpangaji analipa kodi. Juu kabisa kuna miti mikubwa: mruka, mringaringa, msesewe ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, na magrivelia ya mbao. Hii inakata jua kali na kuvunja upepo, na majani yake yakianguka yanakuwa mbolea. Viazi vikuu vinapanda juu ya miti hiyo kama watoto waliodandia lori. Chini ya miti kuna migomba: mshare wa kupikia mtori na machalari, kisukari ya kula mbivu, na ndizi za kutengenezea pombe. Chini ya migomba kuna kahawa, ambayo haipendi jua la moja kwa moja. Chini ya kahawa, kwenye unyevu, kuna magimbi, maharage na mnafu. Na pembeni, banda la ng'ombe na kuku.

Sasa angalia mzunguko wake. Shina la mgomba uliokwisha kuzaa linakatwa katwa, ng'ombe anakula, hasa wakati wa kiangazi ambapo majani ni shida. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi. Samadi inarudi kwenye shina la mgomba. Mgomba unatoa kivuli kwa kahawa na chakula kwa watu. Maganda ya ndizi yanarudi kwa ng'ombe. Hakuna kinachotupwa, na hakuna aliyekwenda dukani kununua mfuko wa mbolea.

Mtu anaweza kudhani haya ni mapenzi ya mwana kwa kwao. Basi sikia wengine walivyosema. Mwaka 1984 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu vihamba vya Kilimanjaro. Wakakuta kwa wastani familia ina hekta 0.68, yaani ekari moja na nusu na ushee, na katika vihamba hivyo wakahesabu aina 111 za mimea, mingi ikiwa na kazi yake: chakula, dawa, kuni, uzio, malisho. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likautambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Dunia nzima, ndugu yangu! Na mimi mwenye mali nilikuwa natafuta msumeno.

Si kwamba zamani kila kitu kilikuwa safi. Mama alinikumbusha enzi za baba, kahawa ilipokuwa inapuliziwa dawa ya mrututu mpaka majani ya migomba yanageuka rangi ya buluu. Ilikuwa lazima, kwa sababu ya ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Siku hizi iko miche chotara iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, inayoyavumilia magonjwa hayo. Mama ameshaipanda mashina thelathini. Mrututu haujaingia kwake miaka mingi.

SOKONI WANAMJUA NG'OMBE WETU

Siku ya pili ilikuwa siku ya soko. Nilibeba mkungu mmoja wa mshare, mama akabeba kapu la mnafu, magimbi na parachichi. Kabla hatujatoka getini, mtoto wa jirani alikuja na chupa, akajaziwa maziwa, akaondoka bila kulipa. Nikamuangalia mama. "Mama yake ametoka kujifungua," akasema. "Sisi mwezi wa nane mahindi yetu ya tambarare hayakutosha, ni wao walitupa debe mbili."

Sokoni nilitegemea kelele na kugombea bei kama Mabibo. Kumbe kila mtu ana wateja wake. Mama lishe mmoja alikuja moja kwa moja kuchukua mshare wa mtori. Mwalimu wa shule ya msingi akachukua mnafu mafungu matatu. Mzee mmoja akanunua magimbi na kuuliza kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa. Nikashangaa. Mteja anamjua ng'ombe aliyetoa samadi ya magimbi yake! Wewe unayekula mchicha pale mtaani kwetu, unajua umemwagiliwa maji gani? Mimi sijui, na nimekula miaka saba.

Lori la Dar lilikuwepo, limeegeshwa pembeni, wachuuzi wanakusanya mikungu. Nikamuuliza mama kwa nini asiwauzie wote kwa mkupuo, tukapumzike.

"Huwa nawauzia ikizidi," akasema. "Lakini lori lina siku zake. Likikwama huko njiani, au bei ikishuka kwenu, halifiki. Huyu mama lishe anakuja hata mvua ikinyesha."

Tulirudi na shilingi 41,500. Nikacheka kimoyomoyo, maana akili yangu bado ilikuwa kwenye milioni tatu. Usiku nikachukua kalamu kuthibitisha ujinga wa mama. Soko ni mara mbili kwa wiki. Si kila siku unapata vile, basi weka nusu yake. Ongeza maziwa. Ongeza kahawa ambayo Septemba ilikuwa inachumwa, inamenywa kwa mashine ya mkono na kuanikwa kwenye kichanja, halafu inapelekwa chama cha msingi. Halafu ukaweka na vile ambavyo hatukununua: ndizi, maharage, maziwa, parachichi, kuni, na mbege ya wageni. Kalamu ikaanza kunisaliti. Milioni tatu ya mbao ilikuwa inaliwa na kihamba chenyewe muda si mrefu, na kihamba kilikuwa bado kipo.

Lakini ubishi wa mjini haufi haraka. Nikajisemea: sawa, migomba ibaki, miti iondoke.

VISIKI

Siku ya tatu ilikuwa zamu yetu ya maji. Kwetu kuna mifongo, mifereji ya kuchimbwa kwa mkono inayoleta maji kutoka mito ya juu, na mingine ilikuwepo kabla Mjerumani hajafika. Maji yanakwenda kwa zamu. Ukilala, zamu inakupita, na ukiiba maji ya mwenzako utaitwa kikaoni. Saa kumi usiku tulikuwa tumeshafungua njia, maji yanaingia taratibu kwenye mashina huku tumeshika majembe na tochi.

Kulipokucha nikaona kitu. Kwetu maji yalitua, yakapotea chini ya majani makavu, udongo ukawa mweusi mpaka jioni. Kwa jirani wa chini, ambaye zamu yake ilifuata, yalipita kama yanapita kwenye lami.

Yule jirani alikata miti yake yote mwaka 2020. Sitaki umhukumu. Mtoto wake alikuwa amelazwa, bili ikawa kubwa, jamaa wa mbao akaja na pesa mkononi. Ungekuwa wewe? Baada ya hapo akapanda nyanya. Msimu wa kwanza zikakubali sana, watu wakamuonea wivu. Kisha upepo ukaanza kuiangusha migomba iliyobaki. Kahawa ikanyauka kwa jua. Nyanya zikataka dawa, dawa zikataka pesa. Sasa hivi ananunua ndizi. Mchaga ananunua ndizi! Alinisalimia vizuri, akauliza habari za Dar, halafu akainua macho kuitazama miti yetu na hakusema neno.

Mama akanipeleka upande wa nyuma, akaanza kunionyesha visiki kama mtu anayesoma daftari la duka.

"Hiki ni sare na ada yako ya kidato cha kwanza, mwaka 2011. Hiki ni bati za jiko. Hiki ni operesheni ya dada yako. Na hiki ni sanduku la baba yako."

Pembeni ya kila kisiki kulikuwa na mti mwingine unakua, mmoja au miwili. Wa baba ulikuwa umeshanipita kimo, na kaburi lake liko hatua chache kutoka hapo, chini ya migomba, limezungukwa na masale.

Ndugu msomaji, sikuwa na la kusema. Nilikuwa nadhani mama anatunza miti kwa sababu ni mtu wa kizamani. Kumbe alikuwa anaiuza siku zote! Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye anauza mmoja uliokomaa, kwa shida inayojulikana, na anapanda kabla majani ya ule wa kwanza hayajakauka. Mimi nilikuwa nataka kuuza mpaka ile ambayo haijazaliwa vizuri.

KIKAO

Siku ya nne walifika: kaka, baba mdogo, na jamaa wa mbao na kitabu chake cha risiti. Mbege ikamiminwa. Jamaa akahesabu noti mezani, na nakwambia noti zikipangwa vile zina harufu yake. Nikameza mate.

Nikasema nauza miwili tu, magrivelia mawili mazee ambayo mama amenionyesha. Jamaa akanuna, akasema nimempotezea mafuta ya gari. Kaka akaniita pembeni: "Umerogwa? Si ulisema una madeni?" Nikamwambia madeni ninayo, na yataendelea kuwepo nikishamaliza milioni tatu. Baada ya kuvutana, jamaa akakubali laki tatu na nusu kwa yote miwili, kibali kikaombwa kijijini kama taratibu zinavyotaka.

Halafu nikasema neno la pili, na hapo ndipo kikao kilipochafuka. Nikasema: mimi ndiye mrithi kwa desturi, lakini niko Sinza. Anayekijua kihamba hiki, anayebeba majani kila wiki na kulala kwenye mfongo, ni dada. Naomba haki yake iandikwe pamoja na yangu.

Baba mdogo akaweka kibuyu chini. "Mtoto wa kike ameolewa. Ana kwake."

Nikajibu kwa adabu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kuwa na ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haitambuliwi. Nilikuwa nimesoma hilo siku moja nikiandika makala nyingine, sikujua kama litanifaa nyumbani. Baba mdogo akasema sheria imeandikwa Dodoma, yeye amezaliwa Marangu. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hakusema kitu. Mama ndiye aliyesema: "Nikianguka leo, nani atamkamua ng'ombe kesho asubuhi?" Hakuna aliyejibu. Jambo halikuisha siku ile, tulikubaliana lirudi kwenye kikao cha ukoo cha Desemba. Safari hiyo kweli nilipanda kuhesabiwa, na jina la dada likaandikwa kwenye muhtasari. Baba mdogo alisaini wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.

USIDHANI NI PEPONI

Nisije nikakudanganya kama wale wanaotangaza kilimo kwenye semina za hoteli. Kihamba kina mzigo wake. Kwanza kinagawanywa kila kizazi. Mwaka 1967 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu kama laki sita na nusu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,861,934. Mlima haujaongezeka hata hatua moja. Ekari moja na nusu ya babu ikigawanywa kwa watoto na wajukuu inabaki uwanja wa kuanikia nguo.

Pili, kahawa iliyowajengea wazee nyumba na shule si ile tena. Ilianza na wamisionari wa Kilema mwaka 1898, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na KNCU ikazaliwa mwaka 1933. Lakini mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa unagawa mafungu ya kuuza ulivunjika, bei ikaporomoka, na wengi wakang'oa mibuni. Kihamba kilichobeba zao moja kama roho yake kilitikisika. Kilichobeba ndizi, maziwa, mnafu na miti kilisimama, kwa shida, lakini kilisimama.

Tatu, kinasimama juu ya migongo ya akina mama. Hili nalisema kwa shingo iliyouma siku nne. Vijana tumekuja mjini, wao wamebaki na mundu.

Ile laki tatu na nusu tuliigawa hivi. Sehemu ilitengeneza sakafu ya banda. Sehemu tulimlipa kijana wa bodaboda awe anamletea mama majani mara mbili kwa wiki. Naam, bodaboda yangu nikaipata, ila inaendeshwa na mwingine na inabeba nyasi! Kilichobaki kikalipa kodi ya mwezi mmoja Sinza. Kabla sijaondoka nilipanda miche minne karibu na visiki vipya, mama akisimamia kina cha mashimo kama injinia.

Nilishuka na mkungu mmoja wa mshare kwenye buti la basi. Kufika nyumbani nikaukata vichane, kila mlango kichane kimoja, na kikubwa nikampelekea mama mwenye nyumba. Alikipokea kwa mikono miwili. Akauliza mtori unapikwaje, nikamueleza. Deni la miezi miwili halikufutika, tusidanganyane, ila salamu ilirudi.

Vuli ya mwaka huo ilikuja na El Nino. Unakumbuka, ndiyo mvua za Katesh, Hanang, matope yaliposhuka mlimani Desemba 3 na kuua watu zaidi ya 80. Usiku ule nilimpigia mama nikiwa na wasiwasi. Akasema mvua ni kubwa, mfongo umevunjika sehemu moja, lakini udongo wetu upo pale pale. Wa jirani umeshuka mpaka barabarani, na asubuhi yeye na dada wanakwenda kumsaidia kuuzoa.

Kisha akaniuliza kama miche yangu minne naikumbuka. Nikasema naikumbuka. Akasema mmoja umekufa, masika nikija nije nao mwingine.

Nilikwenda nao. Mgongo wake bado unauma, na kijana wa bodaboda ameniambia mwakani anataka kuja Dar.